Simama Kushoto kwa Miss Ernestine

Nyinyi mnaoanza kazi ya kuogesha wazee, kila Jumapili baada ya misa mnanikuta nimekaa ukumbini na chai yangu, magoti yanawaka moto, na mnaniuliza swali lile lile. Bibi, umefanya kazi hii miaka yote hiyo, ulifanyaje usipigwe?

Nilipigwa. Nilipigwa na walimu wastaafu, nikapigwa na padri, nikapigwa na mama mmoja mwenye mikono midogo kama ya mtoto, Miss Adeline, ambaye alitumia kitabu cha nyimbo kwa sababu mikono haikumtosha. Hilo swali liacheni.

Naandika kwa sababu ya jambo moja tu. Wiki iliyopita, kwenye ile nyumba ya Champlin, msichana mpya amepigwa puani mpaka damu. Ripoti imeandikwa, na mtu wa kaunti amesema anarudi mwisho wa mwezi kuamua kama Miss Ernestine ataendelea kukaa pale au atapelekwa mahali pa milango ya kufungwa. Jambo hili sisi tulilimaliza zamani. Niliposikia limeanza tena nilikaa kwenye kochi na koti langu bado mwilini, nikashindwa hata kuvua viatu. Barabara zina barafu na magoti hayakanyagi breki kama zamani, siwezi tena kwenda Champlin kumwonyesha kila mtu anayeajiriwa. Basi nimeandika. Binti yangu Wakesho ataweka kwenye simu, mtumiane.

Nilisoma mpaka darasa la nne, nyumbani Taita, upande wa Bura, kwa hiyo mkiona nimeandika kama ninavyosema, ndivyo ninavyojua. Majina tu ndiyo hayanipotei. Kila mzee niliyemwosha namjua kwa jina lake na la mama yake. Majina ya ukoo siandiki, sheria ya kazi hairuhusu.

Nilikuja Minnesota kumshikia Wakesho mtoto, miezi sita halafu nirudi. Mtoto huyo ni Mghoi, ambaye sasa ananizidi urefu na anasomea unesi. Ile miezi sita ndiyo hii bado. Mama Brian, Mkenya mwenzetu wa Brooklyn Park, alikuwa amefungua grupu homu Champlin, nyumba ya kawaida ya mtaani yenye gereji na mti wa tufaha nyuma, wazee wanne ndani, kila mmoja na chumba chake, na sisi tunapokezana shifti. Wikendi moja alikosa mtu, akanipigia. Nikaenda nimevaa viatu vya kanisani. Nilitoka pale nikiwa mwanamke wa miaka sabini na kitu.

Kabla sijafika kwa Miss Ernestine, niwaambie ya bafuni, kwa sababu huko ndiko watu huharibu.

Pasha bafu moto kabla hujamwita mzee. Taulo litie kwenye mashine ya kukaushia nguo, ulitoe wakati anamaliza, umfunike nalo mabega likiwa bado moto. Maji yaanzie miguuni, yapande taratibu. Ukimmwagia mtu kichwani kwanza, hata wewe ungepiga. Kila unachotaka kufanya, kiseme kabla mkono haujafika. Na usiongee Kiswahili na mwenzako juu ya kichwa cha mzee. Atadhani mnamsema, na mara nyingi mnamsema.

Halafu ujue alikuwa akifanya kazi gani. Tulikuwa na Mzee Orville, mkulima wa ng'ombe huko kaskazini. Ukimvalisha shati, mikono yake ilikuwa ikikamata chochote na kuvuta kwenda chini, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Alishavuta vifungo vyangu vyote. Mama Brian akaniambia, "Resti, huyo anakama." Tukampa taulo lililoviringishwa, akawa anakama taulo lake kwa amani huku sisi tunamfunga suruali. Akimaliza anauliza amepata lita ngapi. Unamwambia nyingi. Siku moja Faida, msichana niliyefanya naye shifti, alimwambia kidogo, akanuna mpaka chakula cha jioni.

Kwa Mzee Orville ilikuwa rahisi, kila mtu alijua ni mkulima. Kwa Miss Ernestine hatukujua kitu.

Kaunti ilimleta kutoka Saint Paul baridi ilipoanza. Mama mrefu, Mmarekani mweusi, amekaa kwenye kiti cha magurudumu na mgongo umenyooka kama yuko kanisani mbele. Karatasi zilisema aliuza kofia kwenye duka kubwa mpaka akastaafu, hana mume, hana mtoto, kumbukumbu inampotea. Nikamsalimia, "Karibu, Ernestine." Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba.

"Miss Ernestine," akasema. "Kuitana jina tupu hatujafika bado."

Nikampenda hapo hapo. Mezani alikuwa mtu wa adabu, anafuta midomo kila tonge. Majina hakushika hata moja. Mimi nilikuwa "yule wa kilemba", Faida "yule mwembamba". Alipenda kukaa jikoni dirishani, pale mto unapoonekana kati ya nyumba mbili, anaangalia barafu inavyojikusanya.

Shida ilikuwa kuoga. Maji yakishafunguliwa, mkono wake wa kulia unaruka. Unatoka kifuani, unanyooka mpaka mwisho, kiganja wazi, unapiga kilichopo. Na kilichopo ni uso wako, kwa sababu umeinama unamsugua goti. Mimi nilipoteza miwani siku ya kwanza. Faida alipasuka mdomo.

Faida alikuwa msichana wa Uvira, ndio kwanza amemaliza mafunzo, mcheshi, haogopi kazi. Siku ile alikaa kwenye ngazi za gereji na barafu mdomoni, akaniambia, "Mama, huyu madame iko na nguvu. Mi nilipita vita, nilipita kambi, sikupigwaka hivi."

"Pole, mwanangu. Kesho nitamwosha mimi."

"Wewe hata miwani huna."

Mama Brian naye akaniita pembeni. "Resti, mimi si mtu mbaya. Lakini kila akipiga ni lazima niandike, na nikiandika inakwenda kaunti. Leseni ni yangu. Siwezi kuficha."

"Hana hasira," nikamwambia. "Muangalie uso. Anaangalia mbele, juu kidogo, anatabasamu."

"Anatabasamu akikupiga?"

"Ndiyo."

"Hilo usiandike kwenye ripoti."

Mtu wa kaunti alikuja, Kristin, mwanamke mpole, akavua buti mlangoni bila kuambiwa. Akasema kama hali haitabadilika kufikia mwisho wa mwezi, itabidi Miss Ernestine ahamie jengo kubwa nje ya mji, lenye wafanyakazi waliozoea wazee wanaopiga. Kungekuwa na dawa za kumtuliza. Alisema kwa upole sana, na upole huo ndio ulionichosha, kwa sababu hakuna pa kugombana nao. Mahali kama hapo mimi nimeshafanya kazi. Dawa ile naijua. Mtu analala amekaa, uji unamchuruzika, na sisi tunasema leo hakusumbua. Mama aliyenyoosha mgongo vile, nilijua wataukunja kwa muda mfupi.

Tukajaribu tulichofundishwa. Tukaingia wawili wawili. Tukabadilisha saa. Tukamwosha kitandani kwa kitambaa, na huko hakupiga, lakini nywele haziwezi kuoshwa hivyo na harufu ilianza kumkera mwenyewe. Nilimwimbia wimbo wa kanisani. Nikiimba, anaguna chini chini, "uuu", ananyamaza, halafu "uuu" tena. Nikadhani tumbo linamsokota. Nikampigia nesi simu, akaagiza dawa ya tumbo.

Mwezi ulikuwa unakwisha wakati Miss Dolores alipokuja.

Alikuja Jumamosi na gari la kanisa lao, kutoka Golden Valley alikokuwa akiishi kwenye fleti za wazee. Mama mfupi, wigi la kahawia, fimbo yenye mpini wa shaba, midomo imepakwa rangi vizuri kuliko yangu siku ya harusi. Alisikia msibani kwamba Ernestine yuko kwetu. Akasema waliwahi kuimba pamoja, zamani, wakiwa wasichana. Alisema kama mtu anayesema waliwahi kupanda basi moja.

Nikampeleka jikoni. Miss Ernestine aligeuka kutoka dirishani, akamtazama.

"Wewe ndiye unayeleta kahawa?"

Miss Dolores alikaa. Alivua glavu zake kidole kimoja kimoja.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi."

Akainuka na fimbo yake, akatengeneza kahawa, akamletea, akakaa kushoto kwake. Wakatazama dirishani kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili wa Miss Dolores na sahani ya keki.

Sasa Faida alikuwa bafuni, pale korido, anafungua maji yapate moto. Mlango ulikuwa wazi. Maji yakapiga kwenye beseni la kuogea, sauti ikarudi kutoka kwenye vigae vya ukutani ikatufikia jikoni. Mkono wa Miss Ernestine ukaruka, bakuli la sukari likaenda sakafuni. Hilo tulilizoea. Lakini mkono wa kushoto wa Miss Dolores nao uliruka, saa hiyo hiyo, kwa upande wake, kiganja wazi, ukanipiga kifuani. Keki ikaanguka. Nimepigwa na wazee wengi, lakini mgeni aliyekuja kusalimia alikuwa wa kwanza.

Miss Dolores aliuangalia mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Sikuutuma," akasema. "Mungu wangu. Sikuutuma mimi." Halafu, "Nani amefungua maji?"

"Faida," nikasema. "Ni siku ya kumwosha. Anapiga watu kila tukimwosha. Ndiyo maana wanataka kumhamisha."

"Anapiga watu." Akaanza kucheka, kicheko cha chini, machozi yakamharibia wanja. "Mpenzi, huyo hapigi mtu. Huyo yuko kazini."

Hivi ndivyo alivyotueleza, mimi na Faida, keki ikiwa bado sakafuni.

Walikuwa watatu. Patrice alikuwa wa mbele, mwenye sauti ile ambayo watu walinunua sahani za santuri kwa ajili yake. Yeye na Ernestine walikuwa wa nyuma. Walikuwa wanatoka mtaa mmoja wa Saint Paul ambao baadaye ulivunjwa kupisha barabara kuu, nyumba zao sasa ni lami. Mama yake Dolores alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, nyimbo za redioni hakuzitaka ndani. Basi walijifungia bafuni na kufungua maji, mama adhani wanafua soksi. Wakagundua kwamba bafuni sauti inajaa, vigae vinairudisha imenenepa, wasichana watatu wanasikika kama kumi. Wakawa hawataki tena kufanyia mazoezi mahali pengine. Hata walipoanza kusafiri kwa gari, miji ya mbali, ukumbi mmoja leo na mwingine kesho, wakifika kwanza walitafuta choo chenye vigae.

"Siku zile makundi yalikuwa mengi kama sisimizi," akasema. "Kila mtaa una wasichana watatu wenye magauni ya kufanana. Wavulana nao wanne wanne kwenye kila kona. Mwimbaji huwezi kumshinda mwenzako kwa sauti tu, wote wana sauti. Unamshinda kwa mikono."

Mikono ilikuwa hivi. Wawili wa nyuma walitumia maikrofoni moja, kwa hiyo walisimama wamegusana. Ernestine alishika kiwiko cha Dolores kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ulikuwa huru. Yeye ndiye wa mwisho kabisa, upande wake wa kulia hakuna mtu, ni pazia tu. Mdundo ukifika, mikono ya nje inafunguka pamoja kama dirisha, halafu inarudi kifuani.

"Nyinyi mnasimama upande gani mkimwosha?" akauliza.

"Kulia," Faida akasema. "Kushoto kuna ukuta."

"Basi mmesimama kwenye pazia. Hapo hapakuwahi kuwa na mtu. Hawezi kukuona hapo hata ukipiga kelele."

Nikamwambia kuhusu wimbo wa kanisani na dawa ya tumbo. Akanitazama kwa huruma.

"Tumbo? Alikuwa anakuitikia. Wewe ndiye uliyekuwa nje ya mdundo."

Tukaenda kugeuza kiti cha kuogea, kiangalie upande wa pili, ili kushoto kwake pawe na nafasi ya mtu. Bomba la shawa lilifika, kwa kuvuta. Hilo mlione, vijana. Tulikuwa tumekaa wiki nyingi tukibadilisha watu, saa na dawa, na kiti hakuna aliyefikiria kukigeuza.

Kisha nikarudi jikoni. "Miss Ernestine, maji yako tayari. Miss Dolores anaomba kuingia nawe. Aingie?"

"Aingie," akasema. "Amechelewa."

Miss Dolores alishika mlango kidogo kabla ya kuingia.

Alikaa juu ya kifuniko cha choo, fimbo katikati ya magoti, akatufundisha kama mwalimu wa kijeshi. Kiwiko mpe kwanza, kabla ya maji. Mkono ukifunguka, ngoja. Ukirudi kifuani, hapo ndipo unaosha bega, upesi, kabla haujaenda tena. Mguu kati ya mdundo na mdundo. Na usisimame tu kama mti, ataona hakuna mwenzake, atatafuta.

Faida akaanza kucheza. Msichana wa watu alicheza na mabega, na kiuno, akazunguka na sabuni mkononi.

"Wewe," Miss Dolores akasema, "hapa si harusini. Mdogo. Mdogo zaidi. Anayeonekana ni wa mbele, sisi ni kivuli chake." Akanigeukia mimi. "Na wewe unasimama kama unasubiri basi."

"Ni magoti."

"Magoti ninayo hata mimi. Lainisha bega."

Miss Ernestine alinishika kiwiko. Akanivuta. Nikasogea. Akanivuta tena mpaka shavu langu likakaribia lake, maji yananilowesha kilemba, na hapo akatulia, kwa sababu hapo ndipo maikrofoni ilipokuwa. Akaanza, "uuu." Miss Dolores kutoka chooni akaongeza yake, chini kidogo. Wakanyamaza pamoja. Wakaingia pamoja. Mkono ukafunguka, ukakuta hewa, ukarudi. Nikaosha bega.

Nikauliza wimbo wenyewe unakwendaje, maneno yake, tumsaidie. Miss Dolores akatikisa kichwa. Maneno yalikuwa ya Patrice, na Patrice amekufa. Wao walijua yao tu. Kila siku niliyomwosha baada ya hapo, niliimba wimbo ambao katikati yake hakuna mtu. Sisi tunaitikia, tunanyamaza, tunamngoja aseme, halafu tunaitikia tena. Huenda niliwahi kuusikia nikiwa msichana, kwenye redio ya dukani Voi, nyimbo za Kizungu zilipigwa sana. Miss Ernestine alikuwa anavaa gauni la kung'aa, mimi nakata nyasi za ng'ombe, tumepishana miaka michache tu. Siwezi kusema ndiyo. Sikumbuki tuni, nakumbuka majina.

Jioni ile tukingoja gari la kanisa, nilimuuliza Miss Dolores jina la kundi. Akaniambia, lakini akaniomba nisilitaje, na sitalitaja.

"Halikuwa letu," akasema. "Lilikuwa la meneja. Jina lake, magauni yake. Kwenye sahani hawakuandika Dolores wala Ernestine. Ernestine akauliza kwa nini. Mara moja tu, kwa adabu, wewe unamjua. Wiki iliyofuata kuna msichana mwingine amesimama pale."

"Na wewe?"

"Mimi nilibaki." Alikuwa anafunga vifungo vya koti, vidole vinakataa. "Walimvisha gauni lile lile la Ernestine. Hawakupunguza hata upindo. Msichana mfupi, gauni linafagia chini, na mimi namshika mkono naimba. Nilibaki karibu mwaka mzima, halafu nami nikabadilishwa. Wasikilizaji hawakujua. Jina ni lile lile, magauni yale yale."

Nikamfungia kifungo cha juu.

"Hajanitambua," akasema.

"Alisema umechelewa."

"Alikuwa anasema hivyo kila siku. Nilikuwa nachelewa kila siku." Gari likapiga honi. "Sijui. Acha nisijue."

Mwisho wa mwezi Kristin akaja. Tangu siku ya kiti hakukuwa na ripoti hata moja. Mama Brian akamweleza, mimi nikamweleza, Faida akataka kumwonyesha kwa vitendo. Kristin alikuwa mtu mwema, akasimama jikoni na soksi zake, kushoto kwa Miss Ernestine, akatoa kiwiko. Miss Ernestine akakishika, akampima kwa macho.

"Huyu ni mrefu sana," akaniambia. "Lakini atafaa."

Miss Ernestine akabaki. Kristin akaandika kwenye mpango wa matunzo kwamba msaidizi asimame kushoto. Nikadhani imeisha.

Miss Dolores alikuja Jumamosi zote barafu ilipomruhusu. Baadaye akawa hawezi kutoka, akawa anapiga simu kuuliza swali moja. "Anakuvuta karibu?" Namwambia ananivuta mpaka nalowa. Anasema, "Vizuri. Na wewe mabega, yamelainika?" Namwambia bado. Alifariki majani yalipoanza kurudi kwenye miti. Tulikwenda kumzika, mimi na Faida. Miss Ernestine hatukumwambia, Mama Brian alisema hana haja ya kufiwa kila asubuhi upya. Wiki ile nilimwosha kama kawaida. Akanivuta, nikasogea, tukaitikia, na ile sauti ya chini kidogo kutoka chooni haikuwapo, kama wiki zote tangu Miss Dolores aache kuja. Lakini siku ile aligeuza kichwa kutazama kule. Akangoja. Kisha akaendelea.

Kazi ilinimaliza kidogo kidogo. Magoti, halafu mgongo, halafu ikawa nikiinama naomba mzee ndiye anisaidie kuinuka. Mama Brian aliiuza nyumba akarudi Kenya. Faida amekuwa nesi, yuko Rochester, ana watoto wawili. Mwenye nyumba mpya aliandika mipango mipya, na mstari ule wa kushoto haukuingia. Sidhani ni ubaya. Watu wa kazi hii wanabadilishwa upesi, anayejua anaondoka asubuhi, asiyejua anaingia mchana, sare ni zile zile. Kiti cha kuogea kimegeuzwa tena kuangalia upande wa zamani, kwa sababu bomba linafika vizuri zaidi.

Nimempigia mwenye nyumba. Amenisikiliza vizuri, amesema ataliangalia. Nimepiga simu kaunti, Kristin alishahama, nikaacha ujumbe kwenye mashine kwa Kiingereza changu. Na nimeongea na mjukuu wangu Mghoi, ambaye amechukua shifti za Champlin kuanzia Jumatatu. Nilimweleza yote, jikoni kwetu, kwa Kiswahili, na yeye akawa ananijibu kwa Kiingereza chake. Akasema nitengeneze video. Nikamwambia mambo mengine mtu anasimamishwa mahali pake. Nikamsimamisha kando ya jokofu, nikamshika kiwiko, nikamvuta. Akacheka. Bega lake ni gumu kama langu.

Siku yangu mimi ya kuogeshwa haiko mbali sana, na sitaki kumchosha mtu. Kwaya ya Bura nilisimama safu ya pili, kati ya Mkawasi na Wawuda, na nilikuwa naegemea kwa Wawuda. Wakesho anajua. Mghoi sasa anajua.

Lakini hiyo ni baadaye. Kwa Jumatatu, na kwa yeyote kati yenu atakayeitwa Champlin, ni hivi. Geuza kiti kwanza, bomba litafika ukilivuta. Mwite Miss Ernestine. Simama kushoto kwake, mpe kiwiko kabla hujafungua maji. Mkono wa kulia ukienda, uache uende, huko hakuna mtu. Akianza kuitikia, itikia, na panapokuwa kimya mngoje Patrice pamoja naye.

Akikuvuta, sogea. Akisema umechelewa, mwambie ndiyo.